Kikianguka, Usisogeze Mguu

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la nibu, na nyinyi mnaobaki karakanani mkanitaka niandike machache kuhusu kazi yetu ilivyokuwa zamani, tulipokuwa tukitengeneza kalamu moja moja kwa mkono. Mmoja wenu aliongeza, kwa adabu, kwamba niandike mazuri tu. Huyo namwomba radhi mapema. Nitaandika yaliyotokea. Mshahara sitautaja, wala vyeo, maana sijapata kuona kalamu iliyoandika vizuri zaidi kwa sababu aliyeiunga ana cheo.

Naitwa Mwanamisi. Ni mtu wa Mjambere, na niliingia kazini miaka ya mwisho ya hamsini, nikiwa mwanamke mzima niliyekwisha olewa na kuachika. Karakana ilikuwa Kisauni, banda refu la mawe lililoezekwa makuti, ndani ya shamba la minazi la Bwana Abubakar. Jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa mjini tangu enzi za mababu, wakiuza vitambaa na karatasi. Yeye alichoka kuuza kalamu za watu wengine akataka kuuza zake. Mwili wa kalamu zetu ulikuwa wa mpingo au wa pembe ya ng'ombe, ukikerezwa papo hapo. Vitu vya madini ndivyo vilivyokuja kwa meli: nibu za dhahabu, yaani ncha za kuandikia, pete za fedha za kuzungushia kifuniko, na vishikizo vya kuchomekea mfukoni.

Niliajiriwa kushona vifuko vya ngozi vya kutilia kalamu. Nilishona siku moja tu. Fundi Chengo, mzee aliyekuwa mkuu wa kerezo, alipita karibu nami akaniona nikitunga uzi kwenye sindano huku nikizungumza na mtu mwingine, macho yakiwa kwingine kabisa. Alisimama akatazama mara ya pili, kisha akasema, "Ndoo huku, mwanangu."

Akanipeleka kwenye meza ya kuunganishia. Msimamizi alimwambia kwamba meza ile haikuwa ya wanawake.

"Wanaume watatu wameshindwa kutia kipini pale," Fundi Chengo akajibu. "Mwache huyu naye ashindwe."

Kipini hicho ndicho kilichonifundisha kazi. Kalamu zetu za wakati ule zilikuwa na wenzo mdogo ubavuni. Ukiuinua, unaminya mpira ulio ndani, na ukiuachia, mpira unafyonza wino. Wenzo huo huzunguka juu ya kipini cha shaba, chembamba kama mguu wa siafu. Cha kwanza nilichokishika kiliniruka. Nilisikia "ti" sakafuni nikainuka upesi kukitafuta.

"Kaa," Fundi Chengo akasema. "Kikianguka, usisogeze mguu. Sasa hivi unajua kilipo. Ukipiga hatua moja, hujui tena, na huenda umekikanyaga."

Nilikaa. Akaniuliza sauti ilitoka upande gani, ilikuwa nene au nyembamba, ililia mara ngapi. Nikamwambia mara mbili, upande wa kulia, ya pili dhaifu. Akatoa kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akakiweka mlangoni palipokuwa na jua, akaulaza mwanga juu ya sakafu kama anayemwaga maji. Kila chembe ikatoa kivuli, hata punje ya mchanga. Kipini kilikuwa kando ya mguu wa meza, na kivuli chake kilikuwa kirefu kuliko chenyewe.

Nilijifunza mengine baada ya hapo. Kitu kikipotea kabisa, chukua cha pili kama hicho, kiangushe kwa makusudi kutoka pale pale, na safari hii kitazame kinakwenda wapi. Msimamizi alituita wendawazimu kwa kufanya hivyo, lakini mara nyingi vyote viwili tulivikuta mahali pamoja. Jambo moja nililibuni mwenyewe. Nilichukua kanga kuukuu, nikaipigilia ukingo mmoja chini ya meza na ukingo wa pili nikajifunga kiunoni, kila kilichoanguka kikawa kinaangukia mapajani mwangu. Wanaume walicheka kwa wiki moja. Wiki ya pili wakaja kuniuliza kanga kuukuu zinapatikana wapi.

Sasa nimtaje huyo msimamizi. Alikuwa Mzungu aliyeletwa na Bwana Abubakar ili karakana iende kwa utaratibu, na sisi tulimwita Bwana Miwani, kwa kuwa alikuwa na jozi mbili, moja machoni na moja kipajini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Sidhani kama alijua kwamba lugha hii ina maneno ya kumuuliza mtu kitu. Utaratibu wake haukuwa mbaya wote. Ndiye aliyeleta visahani vya kutengea vipande, na ndiye aliyetundika magunia nyuma ya gurudumu la kung'arishia ili vumbi lisiingie kwenye kalamu zilizokwisha pakwa nta. Lakini kitu kikipotea, kwake jibu lilikuwa moja. Kimeibwa.

Na vitu vilipotea. Kwangu vilipungua kwa sababu ya kanga. Palipozidi ni kwenye gurudumu. Gurudumu lile lilikuwa la vitambaa vilivyoshonwa pamoja, likiendeshwa kwa kanyagio, na aliyekaa hapo alishikilia pete au nibu kwa vidole hadi ing'ae. Kwa miaka mitatu aliyekaa hapo alikuwa Nzaro, kijana wa Utange, mpole, mwenye tabia ya kuomboleza kimoyomoyo kila Ijumaa jioni kwa vile kesho yake ni nusu siku tu na yeye alipenda kazi. Wallahi sijapata kuona mtu wa namna hiyo tena.

Siku moja pete mbili za fedha zilikosekana kwenye kisahani chake. Alisema gurudumu lilimpokonya. Bwana Miwani akamuuliza, "Zimekwenda wapi?" Nzaro akasema hajui, zilitoka mkononi ghafla. Tulitafuta sakafu nzima kwa kioo. Hatukuona kitu. Ikawa basi. Nzaro alifukuzwa mbele yetu sote, na Bwana Miwani akatamka neno "mwizi" kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barabarani.

Sikusema neno. Naliandika hili kwa sababu nataka mlijue. Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka pale, nilikuwa nikimjua Nzaro, na niliinama nikaendelea na kipini changu.

Neno hilo lilimtangulia nyumbani. Baba mkwe wake, Mzee Ruwa, alikuwa mtu mwenye kujiheshimu sana pale Utange, na haikupita wiki mbili akamrudisha binti yake kwake. Hakutaka, alisema, mtoto wake alale nyumba ya mwizi. Binti mwenyewe, Kadzo, alikuwa na mtoto wa miezi mgongoni.

Baada ya Nzaro kuondoka, ukaanza upekuzi. Kila mtu kabla ya kutoka alisimama mbele ya askari wa lango, akakung'uta nguo, akageuza mifuko. Wanawake, tuliokuwa wanne kufikia wakati huo, tulipelekwa nyuma ya pazia, tukafungua mitandio na kufumua nywele mbele ya mke wa askari, ambaye aliona haya kuliko sisi. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima. Na vitu viliendelea kupotea, jambo ambalo lingemfikirisha mtu mwingine.

Kisha ikaja siku ya nibu. Tulikuwa tumebakiza muda usiofika mwaka bendera ibadilishwe, na kila mtu mjini alikuwa akizungumza habari ya uhuru. Nibu moja ya dhahabu ikapotea kwenye gurudumu. Safari hii aliyekuwa amekaa hapo ni Fundi Chengo mwenyewe, kwa kuwa aliyemrithi Nzaro alikuwa mgonjwa. Saa nne, tulipokuwa tukitoka kwenda kunywa chai, Bwana Miwani alisimama langoni. Mzee akakung'uta kanzu yake, akageuza mifuko. Bwana Miwani akamwambia, "Fungua mdomo."

Fundi Chengo alifungua mdomo. Alikuwa na meno machache. Bwana Miwani akashusha miwani ya kipajini, akainama akatazama ndani, akamwamuru ainue ulimi, naye akauinua. Mtu huyu alikuwa amekereza mbao kabla hatujazaliwa wengi wetu.

Aliyefuata nilikuwa mimi.

"Wewe, nyuma ya pazia," akasema.

"Siendi," nikasema.

Alidhani hakusikia. Nikarudia polepole, kama mtu anavyomwambia mgeni wa lugha. "Siendi nyuma ya pazia. Sifungui mtandio. Sifungui mdomo, isipokuwa kwa kusema. Leo wala kesho."

"Basi kazi hakuna."

"Kazi ipo. Nibu imepotea, na kuitafuta ndiyo kazi. Muite Bwana Abubakar."

Askari alinitazama, akamtazama Bwana Miwani, kisha akaamua kuutazama mnazi. Nyuma yangu nikasikia mtu akikaa chini. Halafu mwingine. Nilipogeuka, watu wote kumi na tisa walikuwa wameketi mchangani, ndani ya lango, na Fundi Chengo alikuwa amekaa mbele yao, ameufumba mdomo kwelikweli.

Bwana Abubakar alikuja na gari lake. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kuchelewa. Alipenda mambo yajimalize yenyewe. Alisalimu, tukaitikia. Bwana Miwani akamweleza kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Mimi nikamweleza kwa Kiswahili kwa muda mfupi.

"Mwanamisi," akasema, "mwenzio anafuata utaratibu tu. Mkipekuliwa na hamna kitu, mna hasara gani?"

"Mama yako angepekuliwa na hana kitu, angekuwa na hasara gani?"

Nilijua nimevuka mpaka, lakini sikurudi nyuma. Nikamwambia, "Bwana Abu, nipe hadi adhuhuri. Nisipoionyesha nibu ilipo, naondoka kwa miguu yangu mwenyewe na hutanilipa kitu. Lakini hapana anayegusa ufagio, na hapana anayegusa gurudumu ila mimi."

Akatazama saa. "Haya," akasema.

Sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilikuwa na hasira tu, na kile nilichofundishwa siku ya kwanza. Nilikaa kwenye gurudumu. Nikachukua pete ya shaba, zile za majaribio, nikakanyaga kanyagio hadi vitambaa vikavuma, nikaishikilia pete kwa upande wa juu, mahali ambapo kila mng'arishaji huambiwa asishikilie. Gurudumu likainyakua.

"Mmesikia nini?" nikauliza.

Fundi Chengo akasogea. "Rudia," akasema.

Nikarudia kwa pete ya pili. Mvumo, mnyakuo, kisha kimya.

"Hakuna kitu," akasema Bwana Miwani.

"Ndiyo," nikamwambia Bwana Abubakar. "Hakuna sauti. Hii sakafu ni saruji. Ukuta ni jiwe. Pete ya shaba ikipiga hapo, hata aliye nje husikia. Hizi mbili zimepiga kitu laini. Humu ndani, Bwana Abu, kitu laini ni kipi?"

Wote tukayatazama magunia. Yalikuwa yamepigiliwa juu na chini, na kule chini, kwa kuwa yalikuwa marefu kuliko ukuta, aliyeyatundika aliyakunja kwa ndani. Mkunjo ule ulikuwa umekuwa mfuko, umejaa vumbi la mpingo na nyuzi za vitambaa, mzito kama mto wa kulalia. Aliyeyatundika tulikuwa tunamjua. Hapana aliyemtaja.

Vumbi lile lilikuwa jingi mno kwa kioo. Mmoja wetu alisema tulitie majini, maranda yaelee na madini yazame, na Fundi Chengo akamkumbusha kwamba mpingo nao huzama. Nikamtuma mwenzangu nyumba ya jirani akaazime ungo. Bwana Miwani alipouona ungo ukiingia karakanani, akatabasamu. Mimi nimepeta mchele tangu nikiwa na miaka saba. Nilikaa nje penye upepo, nikajaza ungo, nikapeta. Vumbi likaondoka. Nyuzi zikaondoka. Kwenye ukingo wa ungo vikabaki vitu vidogo vinavyogongana.

Pete mbili za shaba, zangu za asubuhi ile. Vipini, sikuvihesabu. Kishikizo kimoja. Nibu ya dhahabu, ncha yake imepinda kidogo. Nilijaza ungo mara ya pili kutoka chini kabisa mwa mkunjo, vumbi la zamani lililogandamana. Humo mlikuwa na pete mbili za fedha, zimekuwa nyeusi.

Nilizipangusa kwa mtandio nikaziweka mkononi mwa Bwana Abubakar. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

"Hizi ni za Nzaro," nikasema.

Bwana Miwani akasema kwamba huenda Nzaro alizificha humo. Bwana Abubakar alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale alimgeukia akamuuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili, ili tusikie. "Kila kilichopotea kwa mwaka mzima, alikificha Nzaro ambaye hayupo?"

Tukapewa ruhusa turudi kazini. Tukabaki tumekaa.

"Sasa mnataka nini?" Bwana Abubakar akauliza.

Nikasema tulivyokwisha nong'onezana. Upekuzi uishe siku hiyo. Magunia yatundikwe wazi chini, na sanduku liwekwe chini yake la kudakia vinavyoruka. Nzaro aandikiwe barua kwamba si mwizi, na Bwana Abubakar aipeleke mwenyewe kwa miguu yake Utange, kwa mkwe wake. Na Bwana Miwani amwombe Fundi Chengo msamaha.

Matatu tuliyapata. La nne hatukulipata. Bwana Miwani aliingia ofisini akafunga mlango, na miezi michache baadaye akapanda meli kurudi kwao. Nilimuuliza Fundi Chengo kama lilimuumiza kuukosa msamaha ule. Akasema, "Ningeusikia kwa Kiswahili kile, ungeniumiza zaidi."

Barua ilipelekwa Jumamosi ya wiki ile ile. Nilikwenda nayo kwa sababu sikumwamini Bwana Abubakar kwamba angefika. Alifika. Alivua viatu, akaketi mkekani uani kwa Mzee Ruwa, kanzu yake nyeupe juu ya vumbi. Nzaro aliitwa, akaja akakaa mbali, amekonda. Kadzo alisimama mlangoni na mtoto.

Bwana Abubakar alisoma barua yote, na mwishoni, bila kusoma, akasema, "Nzaro, nimekukosea. Rudi kazini."

Mzee Ruwa alisema isomwe tena. Ikasomwa. Akaiomba, akaishika kichwa chini, kwa kuwa hakujua kusoma, akaitazama kwa muda.

"Basi," akasema. "Mkwe wangu si mwizi. Imeandikwa."

Nzaro aliinuka. "Barua nimeipokea, Bwana Abu. Kazi siitaki. Mikono yangu ilikuwa yako miaka mitatu na hukuniuliza hata neno moja." Kisha akanigeukia mimi. "Nawe ulikuwepo siku ile."

"Nilikuwepo," nikasema.

Mzee Ruwa akamwita binti yake. "Kadzo, mumeo amesafika. Kafunge vitu vyako."

Kadzo alikuwa tayari ana furushi miguuni pake. Alikuwa amelifunga kabla hatujafika, aliniambia baadaye, kabla hajajua kama kuna barua. Alikuwa amekusudia kuondoka siku hiyo vyovyote vile. Alilibeba, akampa Nzaro mtoto, kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, mimi sikuwa nangoja karatasi," akasema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Nimelala na huyu mtu, nimekula naye, nimezaa naye. Ungeniuliza mimi."

Mzee Ruwa alibaki na barua mkononi. Bwana Abubakar alitazama chini, nami nikatazama chini. Wale wawili walishika njia ya mtoni bila kutuaga, Kadzo mbele, furushi kichwani, na hapana hata mmoja wetu aliyethubutu kuwaita.